Isiyozidi, Isiyopungua, Isiyofika: Lugha ya Mipaka ya Idadi kutoka Njia ya Misafara hadi Darasa la Hisabati Tabora

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna Kiswahili kinavyotaja mpaka wa idadi, yaani kiasi ambacho kitu hakipaswi kukivuka au kinapaswa kukifikia. Mfano mkuu ni Tabora, mji uliokuwa kitovu cha njia ya misafara ya kati katika karne ya 19 na ambao kata yake ya Kanyenye bado inabeba jina la enzi hiyo. Hoja ya makala ni kwamba vitenzi kama vile kuzidi, kupungua, kupita na kufika, vikiwa katika urejeshi yakinishi au kanushi, vinabainisha kwa ukamilifu mambo mawili ambayo hisabati ya shule huyataja kwa alama za kutolingana: upande wa mpaka, na iwapo mpaka wenyewe umo au haumo. Hisabati ya shule baada ya 1967 iliviacha vitenzi hivyo kando na kushika vivumishi. Makala yanaeleza gharama ya uteuzi huo.

Utangulizi

Katika mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania, hisabati imezoeleka kutajwa kama somo lisilo na lugha. Husemwa kwamba namba ni namba popote, na kwa hiyo mwanafunzi anayehama kutoka Kiswahili cha darasa la saba kwenda Kiingereza cha kidato cha kwanza haathiriki sana katika somo hilo kama anavyoathirika katika historia au biolojia. Dai hilo lina ukweli kiasi katika kujumlisha na kutoa. Halina ukweli katika mada ya kutolingana, ambayo katika muhtasari wa Tanzania huja mapema, ndani ya aljebra ya kidato cha kwanza. Hapo mwanafunzi hukutana na sentensi kabla hajakutana na alama. Anaambiwa kwa maneno kwamba kiasi fulani hakivuki kiasi kingine, kisha anatakiwa aandike alama, atafute namba zinazoikidhi sentensi hiyo, na mwisho azichore juu ya mstari wa namba. Akiisoma sentensi vibaya, kila hatua inayofuata itakuwa na kosa hata kama hesabu yake ni safi.

Swali la makala haya ni la kihistoria. Kabla ya alama hizo kufika, Waswahili na wale waliokitumia Kiswahili kama lugha ya biashara walisemaje kwamba mzigo usivuke kiasi fulani, au kwamba chakula kisiwe chini ya kiasi fulani? Na ni nini kilichotokea kwa usemi huo ulipoingia darasani?

Tabora na vipimo vya njia

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Kazeh, Kwihara na makazi mengine ya jirani ndiyo yaliyokuja kujulikana kwa pamoja kama Tabora. Msomaji wa masimulizi ya wasafiri anapaswa kuwa mwangalifu na jina Kanyenye, kwa kuwa lipo pia katika Ugogo, mahali ambapo Burton, na baadaye Stanley mwaka 1871, walilipa hongo kwa mtemi Magomba. Kanyenye ya Tabora ni nyingine, na leo ni kata ya Manispaa. Zote mbili zilikuwa kwenye njia moja, jambo ambalo limewahi kuwachanganya wasomaji wengi.

Njia hiyo, yenye urefu wa takriban kilometa 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilikuwa shule ya vipimo. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti. Shanga zilihesabiwa kwa khete, na khete kumi zilifanya fundo. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban ratli 35. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa frasila mbili. Nafaka ilipimwa kwa kibaba: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Posho ya kawaida ya mpagazi mmoja kwa siku ilikuwa kibaba kimoja. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na ni miongoni mwa nathari ndefu za kwanza za Kiswahili kuchapishwa. Ni maandishi ya mfanyabiashara, na frasila imo ndani yake kama vile mstari ulivyo ndani ya daftari.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba karibu vipimo vyote hivyo vilikuwa vipimo vya mpaka. Kiongozi wa msafara hakuhitaji kujua uzito kamili wa kila mzigo. Alihitaji kujua kwamba haukuzidi kiasi ambacho mtu anaweza kukibeba kwa miezi. Hakuhitaji kujua idadi kamili ya siku za kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambako chakula hakikununulika kwa urahisi. Alihitaji kujua kwamba posho aliyonayo haitapungua kabla ya kufika kwenye vijiji. Chukua mfano wa msafara wa wapagazi 100 wenye pishi 200 za nafaka. Pishi 200 ni vibaba 800. Kila siku watu hao wanakula vibaba 100. Siku watakazoweza kusafiri bila kununua chakula ni siku zisizozidi 8. Kwa lugha ya darasa la leo, 100s ≤ 800, kwa hiyo s ≤ 8. Kiongozi aliyefanya hesabu hiyo kichwani hakuwa na alama yoyote, lakini alikuwa ametatua sentensi ya kutolingana na kupata seti nzima ya majibu, siyo jibu moja. Siku 8 zilifaa, siku 7 zilifaa, siku 9 zilikuwa njaa.

Hata suala la mpaka wenyewe, ambalo wanafunzi wengi huliona kama ushupavu wa walimu, lilikuwa na jina sokoni. Kamusi za zamani za Kiswahili zinatofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kwa mkono au kijiti hadi nafaka ikawa sawa na ukingo wa chombo. Cha tele ni kile kilichorundikwa hadi kikawa na kilele. Mnunuzi na muuzaji hawakubishana kuhusu kibaba ni nini. Walibishana kuhusu kile kilichoko ukingoni.

Vitenzi vya kuvuka na vitenzi vya kuwasili

Kama lugha nyingi za Kibantu, Kiswahili hulinganisha kwa vitenzi vinavyotaja mwendo au ushindani. Luganda hutumia okusinga, yaani kushinda. Kiswahili kina kushinda, kupita na kuzidi. Hata neno kuliko, ambalo leo linaonekana kama kiunganishi kitupu, wanasarufi wamelichanganua kama umbo la mahali: ku-li-ko, pale alipo fulani. Asemaye kwamba Juma ni mrefu kuliko Ali amemweka Ali mahali fulani na kumtazama Juma kutoka hapo.

Vitenzi vya mpaka wa idadi havina asili moja. Kuzidi na zaidi vimetoka Kiarabu, pamoja na sawa, hesabu, mizani, ratli na frasila. Kupungua, kupita na kufika ni vya Kibantu. Mchanganyiko huo hauwezi kushangaza mtu anayeijua historia ya biashara ya pwani. Kinachovutia zaidi ni mpangilio wa maana uliojengeka baina ya vitenzi hivyo, ambao haukuazimwa kutoka popote.

Fikiria njia ya misafara kama mstari, Bagamoyo upande mmoja na Ujiji upande mwingine, Tabora ikiwa nukta moja katikati. Mtu atokaye pwani anaweza kuwa hajafika Tabora, au amefika Tabora, au amepita Tabora. Aliyepita hayupo tena Tabora. Kitenzi kupita kinaiacha nukta nyuma. Aliyefika Tabora yuko Tabora au alifika akaendelea mbele hadi Ujiji. Kitenzi kufika kinaichukua nukta pamoja na vilivyo mbele yake. Asiyefika Tabora yuko bado njiani. Asiyepita Tabora ama yuko njiani ama amekaa palepale Tabora.

Badala ya Tabora weka namba 5. Namba inayopita au kuzidi 5 ni x > 5. Namba iliyofika 5 ni x ≥ 5. Namba isiyofika 5 ni x < 5. Namba isiyozidi 5 ni x ≤ 5. Kuna makundi mawili ya vitenzi: vya kuvuka, ambavyo huutenga mpaka, na vya kuwasili, ambavyo huujumuisha. Kikanushi kinageuza upande na pia kinageuza hali ya mpaka, kwa sababu kitu kisichovuka mpaka kinaweza kuwa juu ya mpaka. Kupungua kiko katika kundi la kuvuka, kwa kuelekea chini: alama zilizopungua 50 hazina 50 ndani yake, na alama zisizopungua 50 zinayo. Kutimia na kutimiza viko katika kundi la kuwasili pamoja na kufika.

Mtu anaweza kuuliza iwapo mpangilio huu ni wa Kiswahili peke yake. La hasha. Kila lugha yenye ukanushi inaweza kusema kitu hakizidi kitu, na wanasheria wa Kiingereza hufanya hivyo kila siku. Tofauti ni ya mazoea. Katika Kiswahili, urejeshi kanushi, yaani isiyozidi, usiopungua, yasiyofika, ni neno moja la kawaida kabisa, linalotumiwa na mama ntilie na hakimu vilevile. Haliunganishwi na maneno mengine ili likamilike. Ni kweli pia kwamba yapo maneno yenye utata. Mpaka ni jina la mstari wa kutenga na vilevile ni kihusishi cha wakati na mahali, na anayesema mpaka Ijumaa hubidi aulizwe kama Ijumaa imo. Usemi kuanzia huujumuisha mwanzo bila shaka. Hadi kwa kawaida huujumuisha mwisho, ingawa mikataba ya kodi ya nyumba imeleta ugomvi wa kutosha kuhusu hilo.

Alama zilivyokuja

Ulaya nayo iliishi muda mrefu bila alama hizi. Alama ya usawa ilitumiwa na Robert Recorde mwaka 1557. Alama < na > zilionekana katika kitabu cha Thomas Harriot kilichochapishwa 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Alama inayojumuisha mpaka, yaani ya kuzidi au kuwa sawa, ilikuja baadaye zaidi, ikiwa na mistari miwili chini yake, katika kazi ya Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734. Kati ya Harriot na Bouguer ni zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo swali la iwapo mpaka umo ndani au nje halikuonekana mwanzoni kuwa na haja ya alama yake. Aljebra yenyewe, kama jina linavyoonyesha, ilipita Baghdad ya karne ya 9 kwa al-Khwarizmi kabla ya kufika huko, naye aliandika yote kwa maneno, bila alama hata moja.

Tabora, 1958: mapato yasiyopungua

Kuna tukio moja la Tabora ambalo linaonyesha kuliko kitabu chochote cha kiada kwamba sentensi za mpaka zina uzito. Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu mjini humo. Suala kubwa lilikuwa uchaguzi wa kura tatu ulioandaliwa na serikali ya kikoloni. Kila mpiga kura alitakiwa awachague wagombea watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na ili kuandikishwa alihitaji kutimiza sharti la kipato, au elimu, au wadhifa. Sharti la kipato lilikuwa pauni 150 kwa mwaka, sawa na shilingi 3,000. Julius Nyerere, ambaye alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora na kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo kuanzia 1946, aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki. Uamuzi huo ndio uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao, akajitenga na kuanzisha chama chake.

Wanahistoria wameuandika mkutano huo kama tukio la siasa, na ndivyo ulivyo. Lakini ukitazamwa kama lugha, sharti lenyewe ni mchanganyiko wa sentensi za mpaka zilizounganishwa kwa au: mapato yasiyopungua pauni 150, au elimu isiyopungua kiwango kilichowekwa, au wadhifa uliotajwa. Mtu aliyekuwa na pauni 150 kamili alikuwa ndani kwa sababu ya kikanushi. Lau sharti lingesomwa kuwa mapato yanayozidi pauni 150, mtu huyohuyo angekuwa nje. Na lau au ingekuwa na, karibu Waafrika wote wangekuwa nje. Mwanafunzi anayechora miale miwili juu ya mistari ya namba na kuulizwa iwapo achukue mwungano au makutano yake anaulizwa swali la aina hiyohiyo.

Lugha ya sheria ya Tanzania huru haikuviacha vitenzi hivi. Katiba hutaja umri wa mpiga kura kwa kitenzi kutimiza: raia aliyetimiza miaka 18. Kwa mgombea urais kitenzi ni hichohicho, na umri ni 40. Hakuna hakimu aliyewahi kuhitaji kuongezewa maneno kwamba mwenye miaka 18 kamili naye amo.

Vivumishi vya darasani

Mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania. Mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Wakati huo hisabati ya shule ilikuwa inabadilika duniani kote. Warsha za Entebbe, zilizoanza 1962, zilikuwa zimeleta Afrika hisabati mpya yenye seti, mstari wa namba na sentensi wazi, ambamo kutolingana kulipewa nafasi sawa na mlinganyo. Somo lililokuwa Hesabu likaitwa Hisabati. Maneno mengi yalihitajika kwa muda mfupi, na waliofanya kazi hiyo walistahili sifa. Bila wao kusingekuwa na mlinganyo, kipeo wala kigawo shirika.

Hata hivyo, katika kusoma alama < na >, njia iliyoshikwa ilikuwa ya kivumishi: ndogo kuliko, kubwa kuliko. Na palipohitajika kujumuisha mpaka, ikaongezwa mkia: ndogo kuliko au sawa na. Muundo huu ni kivuli cha Kiingereza, neno kwa neno. Hauna kosa la kisarufi. Kosa lake ni kwamba umeacha mlangoni kile ambacho mtoto amekuja nacho kutoka nyumbani.

Matatizo yake ni ya aina mbili. La kwanza ni ukubwa. Kubwa na ndogo ni vivumishi vya ukubwa wa kitu, na mtoto anayeambiwa kwamba −10 ni ndogo kuliko −4 anaona kinyume chake kwa macho, kwa sababu kumi ni kubwa. Kitenzi hakina tatizo hilo kwa kiwango hichohicho. Mwenye −10 hajafika −4. Akisafiri kwenye mstari kutoka kushoto kwenda kulia, ataifika baadaye.

La pili ni kanuni ya kugeuza alama, ambayo kwa wanafunzi wengi ni amri isiyo na sababu: ukizidisha au kugawanya pande zote kwa namba hasi, geuza alama. Walimu hutumia mfano wa mizani kufundisha milinganyo, na unafaa: ukiondoa 3 katika kila sahani, mizani iliyoinama hubaki imeinama upande uleule, na hivyo 2x + 3 ≤ 11 huwa 2x ≤ 8, kisha x ≤ 4. Lakini mizani haiwezi kuonyesha namba hasi. Deni linaweza. Asemaye kwamba deni lake halizidi shilingi 10 amesema pia kwamba mali yake haipungui −10. Deni likizidi, mali inapungua. Kwa alama, −x ≤ 10 ni sawa na x ≥ −10. Hapa mofolojia ya Kiswahili inafanya kazi ambayo muundo wa kivumishi haufanyi. Katika isiyozidi na isiyopungua, mzizi wa kitenzi unataja upande, na kikanushi kinaulinda mpaka. Unapogeuza upande, unabadilisha mzizi tu, zidi kuwa pungua, na kikanushi kinabaki mahali pake. Kwenye grafu ni vivyo hivyo: mshale unageuka, lakini duara lililojazwa linabaki limejazwa. Mwanafunzi aliyezoea ndogo kuliko au sawa na huona kirai kirefu kikibadilika na huenda akaupoteza mkia katika kugeuza.

Haki idai kwamba kitenzi kuzidi kina mzigo wake. Kauli yake ya kusababisha, kuzidisha, imeshachukuliwa kuwa jina la tendo la hisabati, na kuzidisha kwa nusu hutoa jibu pungufu. Mwalimu anayetumia inazidi na anayezidisha katika sentensi moja ajiandae kwa maswali. Kupita kinaweza kusaidia pale utata unapotokea. Vilevile jina la mada halijatulia. Kutolingana ni jina la alama ≠ zaidi kuliko la <, na x ≤ 5 ina usawa ndani yake. Ukosefu wa usawa umeshachukuliwa na wanasosholojia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 haikuijumuisha hisabati katika jina lake, na pengo hilo limeonekana tangu wakati huo.

Kuvuka kuingia kidato cha kwanza

Mwanafunzi anayemaliza darasa la saba katika kata kama Kanyenye anaingia sekondari na hisabati yote ikiwa ya Kiingereza. Tume ya Makweta ya 1982 ilipendekeza kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985, na serikali haikukubali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitaja Kiswahili kwa ngazi zote, lakini darasani Kiingereza kimebaki. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2021 na wa 2022, waliofaulu hisabati walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Sababu za matokeo hayo ni nyingi, na lugha ni mojawapo tu. Lakini katika mada hii inaonekana waziwazi.

Maneno ya Kiingereza yanayotumika sana katika maswali ya mafumbo ya mada hii ni “at least” na “at most”. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba neno la pili katika la kwanza lina maana ya kidogo kabisa huandika alama ya <, kwa sababu anaona udogo. Katika la pili anaona wingi, anaandika >. Ni makosa yenye mantiki: ametafsiri kivumishi, kama alivyofundishwa kufanya tangu darasa la pili. Angekuwa na desturi ya kutafsiri sentensi nzima kwa kitenzi, angesoma la kwanza kuwa isiyopungua na la pili kuwa isiyozidi, na alama zingejiandika. Njia hiyo haisubiri mabadiliko ya sera. Mwalimu wa kidato cha kwanza ambaye haruhusiwi kufundisha kwa Kiswahili bado anaweza kuwauliza wanafunzi, kwa dakika moja, wangesema nini nyumbani.

Usomaji wa alama pia unakuwa mfupi. Sentensi 3 < x ≤ 7, kwa kivumishi, husomwa x ni kubwa kuliko 3 na ni ndogo kuliko au sawa na 7. Kwa kitenzi husomwa x inazidi 3 na haizidi 7. Kikanushi kinamwambia mchoraji ajaze duara juu ya 7. Kutokuwepo kwake kunamwambia aliache wazi juu ya 3. Kilichobaki ni kuamua iwapo x ni siku au ni unga. Kama ni siku, zitachorwa nukta nne tu, 4, 5, 6 na 7. Kama ni unga, utachorwa mstari usiokatika, kwa maana unga hugawanyika.

Sokoni suala hili lina jina jipya. Gunia la mazao lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu ya mdomo wake huitwa lumbesa, na kanuni za vipimo nchini zinataka ufungashaji wa mazao usizidi kilo 100. Mkulima anayeuza gunia la lumbesa kwa bei ya gunia moja hulipwa kwa mpaka ambao mzigo wake umeshauvuka. Kibaba cha tele kimebadilisha chombo. Walioko shuleni wanaopata shida na duara lililojazwa na duara wazi ni watoto wa wakulima haohao, nao wanajua vizuri nani hupoteza gunia linapozidi.